Dobi Achagua cha Kusomea

Asubuhi dobi alifua, mchana akaanika. Nguo zikikauka, alikaa uani na kitabu. Alijifunza kusoma ukubwani, na utamu wake ulikuwa umemkolea.

Lakini macho yalianza kuchoka. Alipewa miwani, ikasaidia kidogo tu. Herufi ndogo zilimchezea kama sisimizi.

"Nimeonjeshwa asali, sasa mzinga umefungwa," alimwambia binti yake.

Binti aliumia. Mikono ile iliyochubuliwa na sabuni ndiyo iliyomsomesha. "Nitakununulia tableti, mama. Kubwa, ina rangi, inang'aa."

Jirani yao mkutubi, aliyekuja kuchukua mashati yake, aliyasikia hayo.

"Samahani kwa kuingilia. Mama, huwa unasomea wapi?"

"Hapahapa juani, mikono ina maji. Na umeme wetu unaujua. Ni mgeni, haukai."

Mkutubi alicheka. Akatoa mkobani kifaa chembamba cha kusomea vitabu. "Binti, washa simu yako, skrini yake ni kama ya tableti. Tuviweke pamoja juani."

Kwenye simu dobi aliona uso wake tu. Kwenye kile kifaa maneno yalitulia, meusi, kama yamechapwa kwenye karatasi. Mkutubi akagusa pembeni, herufi zikanenepa.

Dobi akasoma mstari mzima. Kisha akasoma wa pili kwa sauti.

"Skrini hii haikumuliki machoni," mkutubi alieleza. "Tena haili chaji ovyo. Ukisoma kidogo kila siku, betri hukaa wiki kadhaa. Ila hiki hakina rangi, wala si cha video."

"Na maji je?" binti aliuliza.

"Changu hakiyawezi. Nyinyi tafuteni kinachostahimili maji, na mkivishe jalada gumu kisipasuke kikianguka."

"Kumbe nusura niletewe mkakasi," dobi alitania, "uzuri nje, ndani kipande cha mti."

"Tableti si mbaya, mama. Ina kazi zake."

Siku ya kununua, muuzaji alianza kusifia rangi za tableti. Dobi akamkatiza kwa upole. "Mwanangu, hebu tutoke na hicho cha kusomea mlangoni, nikione juani. Halafu unioneshe palipoandikwa kuhusu maji."

Walirudi na kilichowafaa. Siku moja kilimponyoka, kikatumbukia kwenye ndoo ya nguo zilizolowekwa. Dobi alishika kichwa. Binti alikitoa, akakisuuza kwa maji safi, akakifuta na kukiacha kikauke kabisa. Kilipowashwa, ukurasa ulikuwa palepale.

Mkutubi alipokuja tena, alikuta mashati yake yamepigwa pasi hadi kola zimesimama. Dobi alikataa malipo.

"Umenirudishia macho, jirani. Ahsante."

Uani, binti alikuwa akianika shuka. Mama yake alikuwa kitini, akimsomea hadithi kwa sauti. Walipofika mwisho, dobi alivua miwani akamtazama.

"Nilikusomesha, mwanangu," alisema. "Leo wewe umenisomesha."