Taa Zilizoganda Nyekundu Sabil

Maiti ilikuwa imekaa.

Hilo ndilo lililomshtua Mkaguzi Wagdi Shenuda alipofika njia panda ya Sabil asubuhi ile ya Januari, ukungu wa bahari ukiwa umeimeza nusu ya Iskandaria. Hilmi Qandil, fundi wa taa za barabarani, alikuwa ameegemea sanduku la chuma la kuongozea taa, miguu ndani ya dimbwi la mvua ya usiku, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akingoja zamu yake kwa kinyozi.

Taa za pande zote zilikuwa zimezimika; kabla ya hapo, walisema watu, ziliganda nyekundu. Honi zilisikika kwa mbali, kama za mji mwingine. Tramu ilisimama relini bila abiria, ikitona maji.

"Umeme," alisema daktari wa polisi. "Umeingilia kiganja cha kulia, ukatokea miguuni."

"Ajali?"

"Hilo waulize wenye waya, afande."

Mwenye waya alikuwa Mhandisi Ragaa, mama wa makamo aliyekwisha kukata umeme kabla mtu yeyote hajamgusa Hilmi. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Sanduku hili limezeeka, chumvi ya bahari inalitafuna," alisema. "Umeme ukivuja, unatakiwa ushuke ardhini kwa waya huu wa ethi. Waya ukiachia, mtambo unachanganyikiwa, taa zinaganda nyekundu. Kisha mvua ikinyesha, chuma chote kinabaki na umeme, kinamngoja mtu."

"Na waya umeachia."

"Hilmi aliufunga upya jana mchana. Kila akifunga, siku ya pili tunaitwa tena. Tulikuwa tunamtania: 'Hilmi, umeoa Sabil nini?'"

"Mbona hakupima kwanza?"

"Kazi aliyoimaliza jana kwa mikono yake mwenyewe, afande? Nani angepima?"

Wagdi alichutama. Waya mpya ulikuwa umelala matopeni, mzima. Nati yake ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa pembeni, juu ya ukingo wa zege, taratibu, kama kitu cha kuazima. Aliinusa bila kuigusa. Mafuta mepesi, safi.

"Wezi wa shaba," alisema Sajenti Dusuki.

"Mwizi angeondoka na waya. Huyu ameuacha hapa hapa."

"Sasa alitaka nini?"

Wagdi aliinuka. Alisimama akiutazama ukungu ukipita katikati ya magari. Maduka yote ya kona ile yalikuwa na mvuke kwenye vioo: la maharage, la dawa, la fundi cherehani. Kioo cha fundi cherehani peke yake kilikuwa na duara lililofutwa kwa kiganja, usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Lilielekea relini.

Alasiri maabara ilipiga simu. Mafuta yale yalikuwa ya cherehani. Juu ya nati palikuwa na alama ya kidole gumba, imejaa vikovu vidogo vidogo vya sindano.

"Karibu, afande," alisema fundi Zahran, mzee mwembamba mwenye futi ya kitambaa shingoni. "Kushona au kupunguza?"

"Kuuliza tu, fundi. Nionyeshe mkono wako."

Mzee aliutoa mkono. Wagdi alikitazama kidole gumba, kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbele ya duara la kioo. Nje tramu ilipita bila kusimama, nyuso za abiria zikayeyuka kama rangi ndani ya maji.

"Zinapita haraka," alisema Wagdi.

"Haraka mno."

"Na taa zikiganda?"

Zahran aligeukia cherehani yake.

"Fundi, taa zikiganda, unamtazama nani?"

Mzee aliikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Binti yangu. Inas. Ni muuguzi, hupanda tramu ya asubuhi. Aliolewa na kijana niliyemkataa. Nilimwambia asikanyage tena mlango huu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanisikiliza."

"Ukaanza kufungua waya."

"Siku moja uliachia wenyewe, tramu ikasimama pale. Nikamwona. Amenenepa kidogo, afande. Amevaa miwani. Nilikuwa sijui kama anavaa miwani." Aligeukia kioo. "Yule fundi akaja kuufunga, tramu zikarudi kukimbia. Nikaona alichokifunga. Nati tu. Nikaitia mafuta, nikaifungua. Akirudi kufunga, na mimi nafungua."

"Hukujua unaua?"

"Nilijua nachelewesha watu. Basi. Jana jioni palikuwa pakavu. Mvua ilikuja baadaye."

"Na leo ulikuwa hapa, kitini."

"Nilikuwa hapa."

"Ukamwona Hilmi akianguka."

"Hakuanguka, afande. Alikaa. Nilidhani amechoka." Aliiweka futi mezani. "Nikageuza macho, nikaendelea kumtazama mwanangu."

Wagdi alimsomea haki zake pole pole. Mzee alizima taa ya duka, akafunika cherehani kwa shuka, akatoka bila kufunga koti.

Inas alifika kituo cha polisi akiwa na sare zake za hospitali. Alimsikiliza mkaguzi hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasahau kuivaa.

"Nilikuwa nakaa upande wa duka," alisema. "Makusudi. Nikimwona kwa pembe ya jicho, nageuza shingo. Nilitaka aje yeye, abishe hodi."

"Unaweza kumwona sasa."

Ili kufika kwenye chumba cha mahabusu alipaswa kupita ukumbini. Kwenye benchi alikuwa ameketi Bi Fawkiya, mjane wa Hilmi, akiwa na koti la mumewe mapajani. Alikuwa akilikunja vizuri, mikono ya koti ndani. Inas alisimama mbele yake, akashindwa kupita.

Bi Fawkiya aliinua uso. "Wewe nesi, umemleta mume wangu?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe ni nani?"

Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi. Mzee ndani alisikia sauti ile, akasimama. Wagdi alimwona Inas akiangalia mlango, kisha sakafu, kisha uso wa mjane. Angeweza kusema lolote.

"Mimi ni binti wa fundi Zahran," alisema.

Bi Fawkiya aliacha kulikunja koti. Hakumpa mkono. Alilivuta koti kifuani, akasogea kidogo kwenye benchi, na Inas akaketi.