Eda ya Bi Twaiba Ukumbini

Majirani zangu wa Waa, jongeeni niwape habari ya Mzee Nassir. Na msimcheke kabla sijamaliza, maana hata nyinyi nawajua.

Asubuhi hiyo ilikuwa shwari. Mzee, karani mstaafu wa ofisi moja ya Matuga, yuko barazani anakula mahamri kwa mbaazi. Mkewe, Bi Twaiba, anammiminia chai. Nyumba hiyo ni ya kupanga. Yao wenyewe ilikuwa imeishia kwenye lenta, juu ya madirisha, haina paa, inangojea akiba ya kustaafu.

"Mama Rai," mzee akamwambia mkewe, "akiba yangu nimeiandikia wasia. Nikifa, iende chuo kikuu. Wataniwekea jina kwenye ukumbi wa masomo."

"Yote?"

"Yote. Si ni sadaka?"

Bi Twaiba hakupiga kelele. Enyi waume, mke asipopiga kelele, ogopeni! Aliingia ndani, akatoka na mkeka, mto na birika.

"Safari ya wapi?"

"Najiandaa. Ukifa nitakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hapa mwenye nyumba atataka kodi yake. Kwetu hakuna paa. Basi nitakaa ukumbini kwako. Niambie tu, mkeka nitandike mbele kwa mwalimu, ama nyuma kwa wanafunzi?"

"Twaiba, wacha mzaha!"

Mara hodi. Ni Bi Nzai, afisa wa chuo, amekuja na karatasi za kutia sahihi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, pale ukumbini maji ya udhu yako karibu? Na wale wanafunzi wa kiume, nikiwa kwenye eda, watapitia mlango gani?"

Bi Nzai akamtazama mzee. Mzee akazitazama mbaazi. Alipoelezwa yote, Bi Nzai alizirudisha karatasi mkobani.

"Mzee, chuo kinapenda sadaka, lakini hatuna ukumbi wa wajane. Kamuulize kwanza imamu wako."

Imamu hakumzungusha. "Wasia wa sadaka mwisho wake theluthi, Nassir. Theluthi mbili zinazobaki ni haki ya warithi. Na maadamu u hai, ezeka nyumba."

Mzee akaezeka. Theluthi akakiusia chuo. Bi Nzai alimwambia haifiki ukumbi, ila itamsomesha mtoto mmoja wa Msambweni hadi amalize.

"Na jina langu litaandikwa wapi?" mzee akanung'unika.

Bi Twaiba akamkabidhi brashi na kopo la rangi. "Panda ngazi, andika juu ya mlango: *Nyumba ya Twaiba*."

Akaandika, tena kwa mwandiko mzuri wa karani.

FUNZO

Jamaa zangu, kuisaidia elimu ni jambo jema, wala asije mtu akanisingizia kuwa nimelikataza. Lakini shaurianeni na wa nyumbani, muulizeni mwenye kujua, ndipo mtie sahihi. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa kila nilichokuwa nacho kwenye harambee, nikapigiwa makofi na ukumbi mzima. Nikafika nyumbani, mke wangu akaniuliza, "Hayo makofi yanapikwa kwa nazi ama kwa mafuta?"