Sarafu Iliyokohoa

Kahawa ilikuwa na vumbi la mwamba. Aili Rautiainen aliitema kwenye sinki, akasuuza birika, akapika nyingine. Nayo ikamkwaruza meno.

"Reino! Umetia nini humu?"

Mumewe hakugeuka. Alikuwa ameinamia sarafu yake mezani. Benki kuu ya Kanada ilikuwa imefungua hazina na kuuza dhahabu iliyolala gizani karibu miaka mia, na Reino, mchimbaji mstaafu, alichukua akiba ya kuezekea paa akanunua moja: dola kumi, ya mwaka 1914.

"Dhahabu ya hapahapa Timmins hii, mama. Labda hata babu yako aliigusa."

"Aliigusa ikamla! Mwamba ulimwangukia, kampuni ya mgodi ikaziba shimo naye yumo, ati kazi isisimame. Mwaka uliofuata wakapiga chapa hicho kidude chako. Nawe unakenua meno!"

"Ya kale hayo."

Adhuhuri, theluji iking'aa dirishani, kikohozi kikasikika ukutani. Kikavu. Ikafuata harufu ya baruti na mawe mabichi. Kufikia Jumapili kikohozi kilikuwa kimeuacha ukuta kikaingia kifuani mwa Reino, na kila alipokohoa leso ilijaa unga wa kijivu unaometameta, naye, badala ya kuogopa, aliifumbata sarafu ngumini akakataa kuiachia, akinong'ona Kifini cha kizamani ambacho Aili hakuwahi kukisikia tena tangu bibi yake, Hilma, azikwe.

"Taa imezimika," alisema kwa sauti isiyo yake. "Mbona hamji?"

Aili alimpigia simu Lempi Kaskinen, ajuza aliyewaumika wahamiaji wa Kifini kwa pembe, akiwatoa damu mbaya, tangu zama za mama yake Aili. Lempi alikuja na pembe zake kapuni. Wakamkokota Reino hadi sauna, kibanda cha mvuke cha uani, wakamlaza kifudifudi, na Lempi akamwagia maji mawe ya moto, akamchanja mgongo, akabandika pembe moja baada ya nyingine. Damu haikutoka. Lilitoka tope la kijivu, baridi, lenye kunuka shimo, na mvuke ukawa mzito hadi Aili asiuone mkono wake mwenyewe, ila alisikia wazi mtu wa nne akihema katikati yao.

"Usilie," Lempi alinong'ona. "Muulize ni nani."

"Nimuulize nini? Namjua!" Woga wote ulimgeukia Aili ukawa hasira. "Babu Oskari Niemelä! Bibi alikungoja mpaka kufa, akakataa kila posa. Mama yangu alikua akiiita picha baba! Waliokufungia ni wenye kampuni, na mimi mjukuu wako sijala hata senti yao. Sasa unamnyonga huyu mpumbavu wangu? Toka! Nenda makaburini kwa mkeo, nafasi yako ipo ubavuni pake!"

Pembe zikadondoka zote kwa mkupuo. Ngumi ya Reino ikafunguka, sarafu ikabingirika sakafuni. Mlango wa sauna ukafunguka wenyewe, baridi ikaingia, kisha ukafungwa taratibu, kama mtu mwenye adabu anapoaga.

Reino akavuta pumzi. "Aili," akasema, kwa sauti yake.

Hapo kikohozi kikatoka nyuma ya mbao. Kingine kikajibu karibu na mawe. Mtu akauliza jambo kwa Kifaransa. Mwingine, chini ya benchi, akalia kwa Kiitaliano. Na wa tatu akatumia lugha ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuisikia, na nyuma yao wengine wakasukumana, kama zamu nzima ya wachimbaji inayosubiri kupandishwa juu.

Lempi alikuwa akikusanya pembe zake.

"Mama Lempi, unakwenda wapi?"

"Mimi nawaweza wa kwetu tu, binti yangu. Hao siwajui hata majina."

Akatoka bila kufunga koti. Aili alimfunika mumewe taulo, akakaa baina yake na ukuta.

"Haya," akasema. "Walikufa wangapi huko, wenye kampuni wakanyamaza? Semeni. Mmoja mmoja."

Wakasema wote kwa pamoja.