Kahawa ya Saa Mbili

Mzee Ulimi, mwenye duka la kahawa, alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya chumba cha kulowekea kahawa, kiatu kimoja kimemtoka, kisogo kikiwa hatua moja kutoka kwenye pembe ya sinki la saruji. Pembe ile ilikuwa na damu. Sakafu nayo ilikuwa na damu, imeshaanza kukauka kingoni.

Inspekta alimtambua kabla hajainama. Kila Ijumaa, kwa miaka sita, Inspekta, mwanamke ambaye wezi wa mji mzima walimkwepa, alikuwa akikaa kwenye kiti cha pembeni cha duka lile na kunywa glasi moja ya kahawa baridi. Si kahawa ya moto iliyotupiwa barafu, hapana. Ungemwambia Ulimi hivyo angekuonyesha mlango. Yake ilikuwa kahawa iliyosagwa chengachenga, ikalowekwa kwenye maji baridi saa kumi na nane kamili, kisha ikachujwa kwa kitambaa. Wateja ndio waliompa jina hilo la Ulimi. Walisema akionja tone moja tu anakuambia kahawa imekaa majini kwa muda gani.

Sajini alifungua daftari. Aliyeikuta maiti ni mdogo wake marehemu, mwanamke wa makamo ambaye duka zima lilimwita Shangazi kwa kuwa watoto wa Ulimi walimwita hivyo. Alieleza kwamba alifika saa tatu asubuhi, akaingia, akaona, akapiga simu. Sasa alikuwa amekaa juu ya kreti ya chupa kule dukani, mikono mapajani, hajatoa hata chozi. Kila mtu hulia kwa wakati wake, Inspekta alijisemea, akampita.

Mpiga picha wa polisi alipiga kila kitu: mwili, sinki, damu, kitambaa cha kuchujia kilichotundikwa kwenye msumari, friji. Ndani ya friji kulikuwa na mitungi minne ya kioo iliyojaa kahawa iliyokwisha kuchujwa, kila mmoja na utepe wake: “Maji, Jumapili saa nane mchana. Kuchuja, Jumatatu saa mbili.”

“Masikini, aliichuja kabla hajauawa,” Sajini alisema. “Kazi mpaka dakika ya mwisho.”

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa limebandikwa mbele ya macho yake.

Daktari wa polisi hakuchukua muda mrefu. Ulimi alisukumwa, akagonga kisogo kwenye sinki, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi. Hakufa papo hapo. Alibaki hai kwa saa nzima hivi, na kama mtu angeita gari la wagonjwa, daktari alisema huku akivua glavu, labda sasa wangekuwa wanazungumza mengine.

Mshukiwa alipatikana kabla ya mchana. Siku mbili nyuma, Jumamosi, Ulimi alikuwa amemfukuza kazi mhudumu wake wa kaunta mbele ya wateja, na mhudumu alitoka akisema, “Utanikumbuka.” Isitoshe, fundi viatu wa ng’ambo ya barabara alimwona Jumatatu hiyo, saa kumi na mbili na nusu, akitokea kwenye uchochoro wa nyuma ya duka na mfuko mkononi. Ilipofika saa sita alikuwa mahabusu.

“Ulikwenda kufanya nini?” Inspekta alimuuliza.

“Kuchukua aproni yangu na kikombe.”

“Alfajiri yote ile?”

“Sikutaka wateja wanione.”

“Ulimkuta nani?”

“Bosi mwenyewe. Alinitupia mfuko mlangoni. Hata salamu hatukupeana.”

“Kisha?”

“Nikaenda kwa mke wangu. Ana mimba ya miezi tisa, afande, na tulikuwa na miadi ya kliniki saa mbili. Nendeni mkaulize.”

“Tutauliza. Alikufukuza kwa nini?”

“Nilimwambia kahawa ya Ijumaa imepitiliza majini, haifai. Akaonja mbele yangu, akasema iko sawasawa, na kwamba mimi sina ulimi. Nikamwambia, bosi, hii hata mtoto ataitema. Kazi ikaishia hapo.”

Kisasi cha kazi. Jalada zima lingeenea kwenye ukurasa mmoja. Inspekta alikuwa na hasira, tuseme ukweli. Alikuwa amepoteza kiti chake cha pembeni na mzee aliyemchagulia glasi baridi kuliko zote bila kuulizwa, na alitaka mtu wa kumshika. Huyu alikuwa karibu. Kliniki haikuulizwa Jumatatu, wala Jumanne. Jumatano saa tisa alasiri karatasi ilifika mezani kwake: mahabusu anaomba kupelekwa hospitali chini ya ulinzi, mke wake anajifungua. Inspekta aliandika “Hapana”, akatia sahihi, akavuta jalada jingine.

Alhamisi asubuhi mkemia wa maabara alipiga simu.

“Kwenye kahawa hamna sumu,” alisema. “Na samahani, afande, baada ya vipimo vyote kumalizika niliionja. Sijawahi kunywa kitu kama kile.”

“Umenipigia kunisifia kahawa?”

“Nimekupigia kwa sababu ya matone. Kuna matone ya kahawa pale sakafuni, na yako juu ya damu. Yalipodondoka, damu ilikuwa imeshaganda.”

Inspekta aliweka simu chini, akazitoa picha za eneo la tukio. Ile ya kitambaa aliishika karibu na dirisha. Chini ya msumari palikuwa na kidimbwi cha maji, na tone lingine likining’inia kwenye pindo. Picha ilipigwa saa tatu na nusu. Kitambaa kilichosuuzwa kabla ya saa moja kingekuwa kimeacha kudondosha zamani. Kwa hiyo mtu aliichuja kahawa ile Ulimi akiwa sakafuni, miguu ikipita pembeni yake, na aliichuja saa mbili kama utepe ulivyoagiza.

Alikwenda kliniki mwenyewe. Daftari la mapokezi lilionyesha mhudumu ametia sahihi saa mbili kasoro dakika tano, pembeni ya jina la mke wake. Kulipata jina hilo kulichukua dakika kumi. Siku nne zote, na ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kliniki ilimwondoa kwenye kuchuja tu, haikumwondoa kwenye kusukuma, na bila mtu mwingine mkononi mwendesha mashtaka asingemwachia. Inspekta alirudi kwenye gari, akakaa bila kuwasha injini.

Kisha alikumbuka jambo jingine lililomwumiza zaidi. Kahawa ya ile Ijumaa hata yeye aliinywa. Ilikuwa chungu kama dawa. Aliimaliza kwa heshima ya mzee, akasema asante. Mhudumu alikuwa amesema kweli, na yeye alikuwa shahidi wake tangu mwanzo.

Sasa mtu mwenye ulimi ule alikosaje kuonja uchungu ule? Alimuuliza mjane wa Ulimi, aliyekuwa safarini siku ya kifo. Mjane alifikiri kidogo. Tangu mafua makali ya mwaka jana, alisema, mume wake hakulalamikia chakula tena. “Nikitia chumvi, asante. Nisipotia, asante. Nilidhani uzee umempa upole.” Na Ijumaa ile nani hakuwepo kazini? Shangazi, alijibu mjane. Alikwenda kung’oa jino.

Duka lilikuwa limerudishwa kwa familia tangu Jumatano, na Alhamisi hiyo mchana Shangazi alikuwa ameloweka mitungi minne kwa ajili ya waombolezaji. Inspekta alifika Ijumaa saa moja na nusu asubuhi. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya mlango wa chumba cha kulowekea, akakaa.

Alimwomba Shangazi amfundishe. Mwanamke yule alianza kwa tahadhari, kisha akasahau kwamba anazungumza na polisi. Usisage ikawa unga, alisema, itakuwa tope. Kahawa kikombe kimoja, maji vikombe vitano. Mimina maji polepole, kahawa yote ilowe, kisha iache, usiichezee. Wakati wa kuchuja usikamue kitambaa hata kama una haraka, maana ladha mbaya yote imebaki kwenye machicha, na ukikamua inakufuata. Kitambaa hakiguswi na sabuni. Alieleza vizuri, kwa upendo kabisa, na kila baada ya sentensi mbili macho yalikwenda kwenye saa ya ukutani.

“Na nani anaonja?” Inspekta aliuliza.

“Kaka.”

“Tangu mafua ya mwaka jana, nani anaonja?”

Shangazi alianza kukunja pindo la kanga yake kidogokidogo.

“Inspekta, naomba nipite. Imebaki dakika kumi.”

“Ikipita je?”

“Itaharibika.”

“Leo iache iharibike.”

Walikaa. Sajini aliyesimama kwenye kaunta alikohoa, akatazama viatu vyake. Saa ya ukutani ilifika saa mbili, ikapita. Shangazi aliinuka, akakaa, akainuka tena, mikono ikijifuta kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. Saa mbili na dakika tano. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

“Jumatatu hukuiacha,” Inspekta alisema taratibu.

“Aliniambia nisiipitishe.” Sauti ilikuwa ndogo. “Alikuwa chini pale. Alifumbua macho akaniuliza, saa ngapi? Nikamwambia saa moja. Akasema, usiipitishe. Basi.”

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Mwaka mzima, alieleza, alikuwa akionja kila mtungi kabla ya duka kufunguliwa, kisha anamnong’oneza kaka yake: imeiva, bado kidogo, imezidi. Kaka anatoka mbele, anaonja mbele ya wateja, anatamka yaleyale. Walikubaliana iwe siri, na yeye hakuona vibaya, kwa kuwa ni kaka. Halafu Jumapili alikuja mwandishi wa gazeti na kamera. Alipiga picha mitungi ikimiminiwa maji, akauliza huyu mama ni nani.

“Kaka akacheka. Akasema, huyo? Huyo ananioshea mitungi.” Shangazi aliitazama mikono yake. “Sikulala. Asubuhi nikaja mapema, yule mhudumu ametoka sasa hivi. Nikamwambia, Kaka, mpigie mwandishi umwambie ukweli. Na umrudishe huyu baba wa watu, umemfukuza kwa kusema kweli. Akanipa kijiko. Akasema, onja, kisha uoshe.”

“Ukamsukuma.”

“Kwa mikono yote miwili.”

“Simu ilikuwa wapi?”

“Mfukoni.” Alijipapasa ubavuni, palepale. “Sitakudanganya, dada. Sikumdhania amekufa. Alikuwa anapumua, namsikia. Nilijua nikipiga simu watakuja, watauliza, na kila kitu kitatoka. Nikasema nitapiga nikimaliza kuchuja. Ilipogonga saa mbili nikachuja. Nikamruka kwenda kwenye friji, nikamruka kurudi. Mtungi wa nne ulipojaa, nilikuwa nasikia friji tu.”

Kwenye kaunta Sajini alilifunga daftari lake.

“Na mhudumu?” Inspekta aliuliza hatimaye.

“Kila asubuhi nimetoka nyumbani nije kituoni. Nafika kwenye kona, miguu inakataa. Nilimpelekea mke wake supu. Akanishukuru, akanishika mkono.” Hapo ndipo Shangazi alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na alilia vibaya, mdomo wazi. “Akaniambia niwaombee.”

Sajini alitoa pingu. Inspekta alimwashiria azirudishe mfukoni. Kabla ya kutoka Shangazi aliomba ruhusa ya kuchuja ile mitungi minne, na Inspekta akamwambia imeshapita. Alijibu kwamba anajua. Alichukua taulo, akafuta kreti aliyozoea kukalia, akalitundika, akatangulia mbele kwenda kwenye gari.

Mhudumu aliachiwa saa nne. Inspekta alimletea mwenyewe mkanda wake, saa yake na ule mfuko wenye aproni na kikombe. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. Alisema tu kwamba alikosea, kwamba kliniki ilikuwa dakika kumi, kwamba mke wake na mtoto wa kike wako salama.

Mhudumu hakupiga kelele. Inspekta alitamani apige. Alivaa mkanda, akaitia ufunguo saa yake iliyokuwa imesimama, akaitazama.

“Alizaliwa saa ngapi, afande?”

Karatasi ya lile ombi ilikuwa juu ya meza kati yao, na neno moja limeandikwa juu yake kwa mwandiko wa Inspekta mwenyewe.

“Jumatano,” Inspekta alisema. “Saa kumi kasoro robo.”

Mhudumu aliisoma karatasi. Aliisoma na saa iliyopigwa muhuri pembeni, saa tisa kamili. Kisha alichukua mfuko wake, akatoka nje.