Mbwa Asiye na Mstari

Waliokuwepo ni hawa. Antipasi, mpishi wa Mzungu mtafuta dhahabu aliyepiga kambi karibu na Sepuka. Marko, jirani yetu, aliyekuja na mkuki. Dada yangu Luciana, mjane wa Zefania aliyerudi na jeraha kutoka vitani Burma, likamuua. Rahabu, binti yao, amefungwa mgongoni kwa mama yake. Na mimi, Melkiori. Aliyekuja baadaye hakutaja jina, nami sitampa.

Ulikuwa mwaka 1947. Watu walikuwa wanauawa mashambani, na milango ilifungwa kabla jua halijazama. Serikali ilisema ni simba. Sisi tulisema ni simba-watu: binadamu wanaofugwa gizani na wachawi, wakavikwa ngozi za simba, wakatumwa kwa yeyote anayetakiwa afe.

Siku chache kabla, Sijaona, mama yake Zefania, alisema kisimani mbele ya wanawake wote, "Mwanangu amekufa. Na hicho kitoto cha Luciana hakitaota meno." Baba alimtaka dada akimbilie misheni. Alikataa.

"Nyumba hii aliijenga Zefania," alisema. "Nitatafuta mbwa."

Mbwa jike wa yule Mzungu alikuwa amezaa. Alitoka Rodesia, wa aina kubwa inayowinda simba. Mgongoni alikuwa na mstari wa manyoya yaliyolala kuelekea kichwani, kinyume na mengine yote. Mzungu alikuwa safarini, akamwachia Antipasi ruhusa ya kutugawia mtoto mmoja.

Tulifika jua likiwa linagusa vilima.

Jike alitungurumia tangu mlangoni. Marko alianza kuwainua watoto wake mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, kama wazee walivyotufundisha. Anayelia hurudishwa. Asiyelia ndiye mlinzi.

"Huyu," Marko alisema, akimkumbatia dume mnene mwenye mstari. "Hata kukohoa hakukohoa."

"Akikua huyo atamaliza ng'ombe mzima, dada," Antipasi alisema. "Una ng'ombe wewe?"

"Nina wachawi. Atakula hao."

Tulicheka. Kisha Luciana akaonyesha mtoto mmoja aliyetengwa kando ya ndoo ya maji. Mgongo wake ulikuwa laini, hauna mstari.

"Na huyu?"

"Huyo ni wa ndoo. Bwana kasema asiye na mstari azamishwe, anaharibu ukoo."

"Masikini. Kumbe hata mbwa wana mama mkwe."

Hapo jike akanyamaza.

Nilidhani ametuzoea. Nikamtazama. Alikuwa amelala chali, miguu juu, anajikojolea.

Harufu ikaja... Ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Mafuta ya mnyama.

Mtu alikuwa amesimama penye ua wa miiba. Hatukusikia hatua zake. Alijifunika shuka kuukuu hadi kidevuni, na mikono yake ilining'inia mbele. Viganja vilikuwa vimepinda kwa ndani, kana kwamba vilivunjwa utotoni vikaachwa viungane vyenyewe.

"Shikamoo, mzee," Antipasi alinong'ona.

Hakuitikia.

Kwetu hata mgonjwa wa kufa huitikia shikamoo.

Alitoa nyama ndani ya shuka, akainama, akaishika chini karibu na ardhi. Watoto wa mbwa wakamkimbilia. Yule dume akachomoka mikononi mwa Marko, naye akaenda. Wakala viganjani mwake bila kugombana, bila sauti.

Yule wa kando ya ndoo hakwenda. Manyoya ya mgongo wake laini yalisimama.

"Chukueni wenye mstari," yule mtu alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu asiyezoea maneno. "Huyo... niachieni."

"Tuchukue twende," Marko alininong'oneza. "Melkiori, mwambie dada yako twende!"

"Antipasi," Luciana aliuliza, "umewahi kuwalisha hawa?"

"Bado, dada. Wananyonya tu."

"Basi hao wamekwisha kuwa wake."

Nikaelewa. Kwetu mbwa ni wa mtu wa kwanza kumlisha. Ndiyo maana mwenye nyumba hutafuna ugali akamtemea mtoto wa mbwa mdomoni kabla hajamwingiza ndani. Yule dume tungemlaza mlangoni kwetu wenyewe, naye angemfungulia huyu mgeni.

Luciana alimwokota asiye na mstari. Akafungua pindo la kanga, akatoa tonge la ugali wa uwele, akatafuna taratibu huku anamtazama yule mtu machoni. Akamtemea mbwa. Mbwa akameza.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mama aliyethubutu kulifanya mwaka ule. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka kifuani, uso kwa yule mtu.

"Mtazame vizuri, usije ukakosea. Anaitwa Rahabu binti Zefania. Mimi ni Luciana. Mwambie Sijaona tumeonana, na sikukimbia."

Yule mtu akasogea.

Mbwa mdogo akanguruma. Sauti yenyewe haikuzidi ya chungu kinachoanza kuchemka.

Yule mtu akasimama.

"Nimetumwa," alinong'ona. "Sirudi mikono mitupu."

"Utarudi nayo hivyo hivyo."

Yule mtu akashuka chini, akatembea kwa mikono na miguu, akaingia kwenye shamba la uwele. Mabua yalifunguka kwa kimo cha mbuzi. Hayakuelekea vilimani. Yalielekea bondeni, kwenye boma la Sijaona.

Antipasi alimsimulia Mzungu aliporudi. Mzungu alicheka. Wale wenye mstari aliwagawa kwa waliowaomba, Mtinko na hadi Ulemo. Sijui walilala kwenye milango ya nani.

Sisi tulirudi nyumbani. Mbwa alikaa kizingitini, uso nje, hakufumba macho. Rahabu alilala.

Asubuhi alikuja Paskali, tarishi wa jumbe. Alivua kofia, akampa Luciana pole ya msiba. Sijaona binti Mselemu alikuwa amekufa usiku ule, mlangoni kwake.