Sanduku la Adalbert

Rafiki yetu Liévin hapendi kusimulia haya. Adalbert, karani wa hesabu wa Élisabethville, mtu wa safari na wa watoto wake, alifia Bukama. Liévin akatumwa stesheni kuchukua sanduku lake.

Matangani madirisha yalikuwa yamefungwa, nyumba giza mchana. Wanawake walikuwa wakimkumbuka: kila akirudi alitua sanduku mlangoni, akamwita kitinda mimba aje kulifungua.

Liévin naye akalitua pale pale.

Sauti ya Adalbert ikaita, polepole: “Wivine!”

Albertine, mjane wake, akamrukia bintiye, akamziba kinywa. “Usiitike, mutoto! Mufu akiita, bantu habaitikake!”

Wivine akatulia chini ya kiganja cha mama yake.

Ndani ya sanduku, sauti ya Wivine ikaitika: “Baba, niko huku. Fungula.”