Wa Pili Kwenye Nakala ya Siri

Karani aliiosha chupa mwenyewe kwa maji ya moto, akakamulia maziwa ya mwanawe saa nne asubuhi, akakaza kifuniko na kuiweka kwenye friji ya ofisi. Saa saba alipoitoa, maziwa yalikuwa yamepungua vidole vitatu, na ndani yake ulielea unywele wa kijivu. Kifuniko kilikuwa bado kimekazwa.

Aliuvuta unywele kwa ncha za kucha. Ukaja, ukaendelea kuja, mpaka ukafika urefu wa mkono, na kwenye mwisho wake kilining'inia kitu laini kama kipande cha ufizi.

"Labda meneja ameishiwa maziwa ya chai, shoga," alisema Mrefu, karani mwenzake wa meza ya pili. Kisha akamwona mwenzake alivyokunja uso, akaacha utani. "Yamwage. Kesho nitakuletea chupa mpya."

Mrefu alikuwa mtu wa hivyo. Ndiye aliyefanya kazi za watu wawili miezi yote mitatu ya likizo ya uzazi ya karani, na kila jioni alimbebea mwenzake mfuko wa chupa mpaka getini. Lakini karani hakuweza tena kumtazama machoni. Aliporudi kutoka likizo alisikia kwamba mmoja wao atapunguzwa. Basi Mrefu alipomwandikia barua pepe za kumteta meneja, alimjibu kirafiki, akamchokoa aseme zaidi, na kila jibu akalipeleka pia kwa meneja katika nakala ya siri, ile sehemu ambayo mpokeaji haioni. Maneno yote ya Mrefu yalikwenda nalo, chini ya jibu.

Mchana ule alitaka kuhakikisha kwamba meneja ameipata ya mwisho. Akafungua Zilizotumwa, akabonyeza kishale kando ya jina ili aone wote waliotumiwa. Mpokeaji, Mrefu. Nakala ya siri, meneja. Chini ya meneja palikuwa na maneno mawili: na mimi.

Akafungua nyingine. Na mimi. Barua kumi na tisa, zote hivyo hivyo. Alipoinua kidole, kilivuta uzi mrefu wa ute kutoka kwenye kipanya, unanuka kama kitambaa cha vyombo kilicholala na maziwa.

Akamwita fundi wa kompyuta, akaziba jina la meneja kwa kiganja, akamwonyesha.

"Hapa mtu mwingine haoni, dada," fundi alisema. "Anayetuma peke yake ndiye anayeweza kuona aliowaficha. Kwa hiyo huyu umemweka wewe." Akanusa hewa. "Humu kuna panya amekufa?"

Nyumbani mtoto alikuwa anakonda. Aliyemlea ni wifi yake, dada wa mume, aliyeacha kazi yake mji mwingine ili aje kusaidia.

"Chupa inaisha, wifi, lakini shingo yake inazidi kuwa nyembamba," wifi alinong'ona. "Na leo nimemtoa nywele mdomoni. Mbili. Angalia, si zangu wala si zako. Kliniki wamesema akipungua tena, analazwa."

Kesho yake karani alijifungia katika stoo ya karatasi, mahali anapokamulia siku zote. Alianza kusikia sauti ndogo chini ya rafu, kama paka anayelamba sahani, akajisemea ni paka, akaendelea kukamua huku akitazama mlango, lakini ile sauti ikasogea, ikapita nyuma ya maboksi, ikafika chini ya kiti chake, na ile harufu ya maziwa yaliyolala ikapanda ikamjaa kooni, na alipoinama aliona ulimi, ulimi tu, mpana, wa kijivu, wenye nywele zilizoota juu yake kama ukungu kwenye mkate, ukilamba matone sakafuni taratibu, bila pupa, kama mtu aliyealikwa.

"Ukituma," ulisema kwa sauti ya unyevu, "na mimi nipate."

Karani alitapika ndani ya boksi la bahasha.

Jioni alikwenda kwa mganga, mama mmoja anayetibu katika chumba kilicho nyuma ya duka la cherehani. Mganga alimsikiliza akiwa amefunika pua kwa upande wa khanga.

"Jini huyu havunji mlango," alisema. "Hukaa pale mtu anapomficha msikilizaji. Ulimwekea kiti, akakaa. Sasa anakula kila unachotuma, na unatuma maziwa."

"Nifanyeje, mama?"

"Kila uliyemfichia msikilizaji, mwambie kwa mdomo wako. Usimbakize hata mmoja."

Alimwambia Mrefu asubuhi, wamesimama kando ya friji.

"Na mimi nilikuwa nakubebea mfuko," akasema Mrefu. Akachukua kikombe chake, akakiosha mara mbili, akaenda kukaa meza ya mbali. Adhuhuri meneja aligundua siri imevuja, akamwachisha karani kazi.

Kabla hajaondoka, alifungua zile barua kumi na tisa. Meneja. Meneja. Meneja. Basi. Kipanya kilikuwa kikavu, na friji inanuka barafu tu. Alitaka kucheka.

Kisha macho yakashuka zaidi, kwenye barua za miezi minne nyuma. Tatu, kwa wifi yake, za kumbembeleza aje. Alimchokoa ataje malipo anayotaka, ili mume aone dada yake alivyo na tamaa. Nakala ya siri, mume. Na mimi.

Alizitazama mpaka kioo kikazimika. Wifi ndiye anayemwamsha mtoto, ndiye anayemwogesha. Akiondoka kwa hasira, karani atatafutaje kazi nyingine, na mtoto mgonjwa mgongoni? Zilikuwa tatu tu. Akazifuta, akaenda nyumbani.

Alikaa kitandani, jua bado liko dirishani, akamweka mtoto kwenye titi la kushoto. Hakuna chupa tena, alijiambia, hakuna kutuma. Mtoto alinyonya vizuri. Karani akafumba macho.

Ndipo akasikia la kulia likishikwa. Mdomo wa baridi, hauna meno, una nywele, ulijibandika na kuvuta kwa utaratibu ule ule, mtoto akivuta nao unavuta, na maziwa yakauitikia.

Wifi alichungulia mlangoni. "Ananyonya?"

Karani alimtazama. Angeweza kusema wakati ule.

"Ananyonya," alijibu, akavuta khanga akafunika yote mawili.